Kocha wa Tano Kati ya Sita

Alhamisi, 2 Februari 1984. Ibra

Wa tano! Mimi, wa tano! Mtu aliyekaa uwanjani Tabora na mji mzima ukishangilia (nilikuwa kipa wa akiba, lakini nilikuwepo), leo anawekwa kocha wa tano katika mkoa wenye makocha sita. Na huyo wa sita, kocha wa timu ya Kamil, yuko Bombay tangu Desemba anatibiwa goti.

Ilikuwa hivi. Baada ya Alasiri nilikwenda sabla kwa Mzee Obaid, kama kila Alhamisi. Sabla yake ndiyo baraza letu sisi tuliorudi Oman kutoka Afrika: mazulia, mito ukutani, kahawa, tende, na wanaume wanaojua kila kitu. Mazungumzo hayabadiliki. Nani kocha bora wa mkoa wetu wa Sharqiyah? Leo nilichelewa. Niko mlangoni navua viatu, nikasikia wanapanga. Marhoun wa Sur wa kwanza, bila ubishi. Mahrous wa Mudhaibi wa pili. Kisha wa Bidiya, kisha wa Samad. Nikawa navua kiatu polepole. "Nadhir wa tano." Na mtu akacheka! Simtaji. Alikuwa Mzee Obaid.

Nikaingia. Wote wakainuka. Nikampa Mzee Obaid shikamoo yake, akanishika mkono, akasema marahaba, ahlan, huyu hapa kocha wetu, kocha wa makocha, pita juu kabisa. Ndiyo tabia ya huku. Mbele ya uso wako wewe ni wa kwanza. Hakuna atakayekuweka wa tano na wewe umekaa naye mnakula tende sahani moja.

Wakati wa kutoka, Bwana Abdullatif, mwenyekiti wa timu yetu, akanivuta pembeni. Mtu mwema, muuza mchele, hapendi ugomvi kabisa. Akasema kumekuja mwalimu mpya skuli, Msudani, ana cheti cha ukocha, na amejitolea kufundisha timu bure. Nusu ya kamati inamtaka yeye. Nusu inanitaka mimi, ila si kwa sauti kubwa. Sasa yeye ameona njia ya amani: tarehe 23 sabla ya Mzee Obaid itoe kauli. Nikiwemo katika watatu wa juu, nabaki. Nikikosa, nampa Msudani filimbi.

Nimemwambia sawa, kwa sauti nzito.

Nisiwe mwongo mbele ya daftari langu mwenyewe. Ofisini mimi ni "yule wa mita za maji". Nyumbani mimi ni baba wa watoto. Uwanjani tu ndipo ninapoitwa Kocha. Siwezi kulitoa jina lile. Siwezi!

Lakini watatu kati ya sita si mbali. Ni hatua mbili tu. Mtu mwenye akili atazipanda bila ya kutoka jasho.


Jumamosi, 4 Februari

Nimepata mpango. Halwa!

Watu wa sabla hawahukumu kwa vichwa, wanahukumu kwa matumbo. Jana nilikwenda mpaka Nizwa nikanunua halwa ya zafarani, moto moto, bakuli kubwa nne. Nimempa Khalaf azipeleke sabla. Khalaf ni mtoto wa ndugu yake Mzee Obaid, ana duka la spea, ndiye kipa wangu na ndiye mmimina kahawa wa sabla. Nimemwambia azitie katikati ya mazulia na asitaje jina la mtoaji hata akibanwa. Aseme tu ni kutoka kwa kocha mmoja mwenye mapenzi nao.

Hapo ndipo penye ufundi. Ukitoa na jina, unanunua watu. Ukitoa bila jina, wanakugundua wenyewe, na wanakupenda mara mbili.

Mke wangu Rahila aliniuliza iko wapi halwa ya nyumbani. Nilisahau. Mama yake, Bi Kazija, aliyetujia kutoka Sur wiki mbili zilizopita "kwa siku chache", aliinua kichwa. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele. Huyu Bi Kazija ni shangazi yake Marhoun. Ndiyo, Marhoun yule yule, kocha wa kwanza wa mkoa. Chumbani kwangu nimelala na binamu wa adui, na jikoni yupo shangazi yake.


Alhamisi, 9 Februari

Jamani! Jamani!

Nimefika sabla, kila mtu analamba vidole. Nikajitia hamnazo, nikakaa, nikasubiri kugunduliwa. Mzee Obaid akasema wallahi, halwa kama ile ni ya mtu karimu. Nikainamisha macho. Akasema na kutotaja jina, hiyo ni tabia ya watu wakubwa. Nikainamisha kichwa kizima. Akasema kuna kocha mmoja tu mkoa huu mwenye tabia hiyo, Mungu amzidishie Marhoun.

Marhoun!

Kumbe walishampelekea salamu za shukrani Sur tangu juzi. Naye akajibu kwamba si yeye, hana habari ya halwa yoyote. Sabla nzima ikatikisa vichwa. Tazama unyenyekevu ule! Hata kukiri hataki!

Nimerudi nyumbani, Bi Kazija ameshapata habari. Akasema Marhoun wake yuko hivyo tangu mdogo, mkono wa kulia ukitoa wa kushoto haujui. Nikasema mimi halwa ile naijua. Akaniuliza kwani nimeila.

Halafu Khalaf akapita kunipa matokeo. Kamil wameshinda mabao matatu bila ya kocha wao. Sabla imeona kwamba mtu anayeshinda kutoka Bombay, amelala kitandani, goti juu ya mto, hawezi kuwa chini yangu. Mimi wa sita.

Sivunjiki moyo. Mtu akishafika chini kabisa, kila njia iliyobaki inapanda.


Jumapili, 12 Februari

Nimekwenda Mudhaibi kumwona Mahrous, kocha wa pili. Mtu mfupi, mcheshi, anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Nikampa pendekezo la kiume: popote watu watakapouliza, yeye anisifie mimi na mimi nimsifie yeye. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Tukapeana mikono. Nilifurahi njia nzima.

Nimefika Ibra, Khalaf akaniambia Mahrous ana mapatano hayo hayo na wa Bidiya na wa Samad, na amempelekea salamu hata mgonjwa wa Bombay.

Si neno. Mapatano ni mapatano.


Jumanne, 14 Februari

Ijumaa tunacheza na Sur hapa kwetu. Mchezo wa kirafiki, lakini sabla nzima itakuwepo. Kwa hivyo leo nimekwenda Sur kupeleleza.

Kisingizio: Bi Kazija alitaka kumwona kaka yake, baba yake Marhoun. Nilipomteremsha, nikajifunga kilemba mpaka puani kama Bedui na nikajibanza nyuma ya ukuta wa uwanja wa mazoezi. Nilikuwa sionekani kabisa. Ila gari nililiacha nyuma yangu, lile la ofisi, jekundu, lenye ngazi juu.

Haikupita muda, Marhoun huyo. Mrefu, kanzu nyeupe pepe, kicheko mbele yake. Ahlan Kocha, ahlan shemeji, mbona unasimama juani, si ungesema unakuja! Akanishika mkono mbele ya wachezaji wake wote, nami nina kilemba puani. Akaniketisha benchi. Akanipa maji. Kisha, nisadiki mimi, akanieleza mchezo wake wote wa Ijumaa! Kwamba mashambulizi yote yatapita kushoto kwetu, kwa sababu beki wangu wa upande ule anachoka mapema. Akanionyesha na winga mwenyewe. Kijana ana miguu kama mkasi.

Baadaye nikapelekwa kwao. Samaki, wali, kahawa, samaki tena. Bi Kazija amekaa mlango wa ndani, anafurahi kwa sauti. Mama yake Marhoun akapaza sauti kuuliza kama nimekula, nikasema nimeshiba, akasema basi nianze.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Hakuna mtu mwenye akili anayemweleza adui yake mpango wake. Kwa hivyo ule ni mtego. Ameniambia kushoto, maana yake atapita kulia. Kumbe mjanja huyu! Lakini kakutana na mjanja mwenzake. Mabeki wangu wote nitawajaza kulia.


Alhamisi, 16 Februari

Leo nilijaribu jambo jingine pembeni. Ikiwa nikiwepo mimi ni wa kwanza, na nikitoka mimi ni wa sita, basi dawa ni kutotoka. Nikafika sabla wa mwanzo kabisa. Nikakaa. Watu wakaja, nikakaa. Magharibi tukasali, nikarudi mbio kabla ya wengine. Kila akiulizwa mtu, Nadhir wa kwanza. Raha iliyoje!

Tatizo ni kahawa. Kila aliyeingia alitaka ninywe naye. Nikavumilia mpaka nikawa siwezi kucheka. Mwisho nikainuka, nikaenda msalani, nikarudi upesi upesi.

Khalaf anasema muda ule mdogo ulitosha. Wa sita.


Ijumaa, 17 Februari

SARE! Na Sur! Tatu kwa tatu!

Nimeandika kwa herufi kubwa na sijuti.

Kipindi cha kwanza, nakiri, hakikwenda vizuri. Mabeki wangu wote walikuwa kulia. Marhoun akapita kushoto. Kushoto palikuwa hapana mtu, palikuwa na vumbi na yule winga. Bao. Nikapiga kelele kaeni kulia, atabadilisha! Bao. Nikapiga kelele zaidi. La tatu. Kando ya uwanja Mzee Obaid aliinamia fimbo yake. Bwana Abdullatif alikuwa anamwonyesha kitu yule mwalimu wa Kisudani, na Msudani anatikisa kichwa kwa adabu.

Wakati wa mapumziko sauti ikanikauka. Kabisa! Nafungua mdomo, unatoka upepo. Vijana wananisogelea, mimi nawaonyesha kwa mikono, hawaelewi. Wakaingia uwanjani bila ya maagizo. Khalaf kutoka golini akawa ndiye anayewapanga, wewe huku, wewe kule, na mabeki akawarudisha kushoto. Mimi nikawa natupa mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Tukafunga la kwanza. La pili. Dakika za mwisho, la tatu!

Watu wakaniinua juu. Mimi! Nikamwona Marhoun anapiga makofi kwa furaha. Akaja akanikumbatia, akasema hajapata kuona timu inabadilika namna ile, nimewaambia nini mapumzikoni? Nikataka kumjibu, sauti hakuna. Nikaweka kidole midomoni. Akasema naam, siri ya kazi.

Sabla imekaa papo hapo uwanjani. Khalaf kaja na habari usiku umeanza kuingia: mimi wa nne! Na wa tatu, yule wa Bidiya, leo kapigwa matano. Hatua moja tu. Moja!

Rahila amenitengenezea chai ya tangawizi kwa ajili ya koo. Akasema alinitazama kutoka kwenye gari na wenzake, na kwamba nilivyokuwa nimenyamaza nilipendeza. Sijui ana maana gani lakini nimefurahi.


Jumatano, 22 Februari

Kesho ndiyo kesho.

Mzee Obaid amechoshwa na ubishi. Amewaalika makocha wote chakula cha mchana. Anasema hapendi kumpanga mtu ambaye hajamlisha. Na kupanga hatapanga yeye wala sabla, watapanga makocha wenyewe, kwa kuwa ndio wanaojuana. Itakuwa hivi: baada ya kula, Khalaf atasimama na mdila wa kahawa, finjani moja. Makocha watasema aanze kwa nani. Atakayekunywa mwanzo ndiye wa kwanza. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Bwana Abdullatif atakuwepo na atatazama tu.

Nimefurahi mpaka nimekosa usingizi wa mchana. Kwa sababu uso kwa uso, nani atakayeniweka chini? Tena Mahrous tumeshapatana.

Linalobaki ni adabu. Huwezi kupewa finjani ya mwanzo ukaipokea hivi hivi. Utaonekana mroho, watu watakusema mpaka Idi. Lazima ukatae. Nimepanga hivi: mara ya kwanza nitakataa kwa upole. Mara ya pili nitakataa kwa nguvu. Mara ya tatu nitashusha pumzi, niseme basi, kwa ajili yenu, niipokee. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Ya tatu ndiyo ngumu. Ile pumzi lazima iwe nzito lakini isiwe ndefu.

Rahila amenisikia kutoka jikoni, akauliza kama tumbo linaniuma.


Alhamisi, 23 Februari

Nitaandika tu.

Chakula kilikuwa kizuri, sikukionja. Tulikaa makocha watano, na wa Kamil amewakilishwa na kaka yake. Sabla imejaa mpaka mlangoni. Tumenawa. Khalaf akasimama katikati, mdila mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Mzee Obaid akasema bismillah, kwa nani?

Hapo Mahrous, Mungu ambariki na miwani yake, akasema kwa Nadhir!

Wa Bidiya akasema ndiyo, Nadhir. Wa Samad akasema Nadhir. Khalaf akanijia. Finjani iko mbele ya pua yangu, iliki inanukia. Namba moja! Si ya tatu, ya kwanza!

Nikakataa kwa upole. Nikasema astaghfirullah, wapo wakubwa, mpe Marhoun.

Marhoun akaweka mkono kifuani. Akasema haiwezekani, Nadhir ni shemeji yake, na Ijumaa kamfunga mabao matatu kwa kimya. Sabla nzima ikaanza: tafaddal, ya Nadhir! Kunywa, Kocha! Nikakataa kwa nguvu, kama nilivyopanga. Marhoun akaapa. Wallahi, yeye hanywi kabla yangu.

Hapa ndipo nilipotakiwa kushusha pumzi. Nilikuwa nayo tayari. Lakini nitaeleza vipi? Watu wote wale wananibembeleza mimi. Wazee wanainuka kwenye mito. Bwana Abdullatif anatabasamu. Maisha yangu sijapata kubembelezwa na watu wengi namna ile. Nikaona utamu. Nikaona kwa nini niumalize upesi? Mara moja zaidi, moja tu, halafu nipokee. Ila kiapo cha Marhoun kilikuwa kikubwa, na changu lazima kikizidi. Nikafungua mdomo, na nikasikia sauti yangu inasema talaka inanihusu, Rahila si mke wangu, nikinywa kahawa hii kabla ya Marhoun!

Sabla ikazima.

Mwanzo nilidhani wamependezewa. Kisha nikaona uso wa Mzee Obaid. Kisha nikaelewa. Nikinywa, sina mke. Na Marhoun naye ameshaapa kwamba hanywi kabla yangu. Finjani imekaa hewani, baina yetu, inapoa. Nikamwona Rahila, nikawaona watoto, nikamwona Bi Kazija anafunga mizigo. Nilitaka kulia, na sioni haya kuandika.

Marhoun akashusha pumzi. Nzito, wala si ndefu. Akasema astaghfirullah, kiapo chake ni juu yake, atatoa kafara. Akanyoosha mkono, akachukua finjani, akanywa.

Nikapumua. Nikajikaza kisabuni. Basi, yeye wa kwanza, halali yake. Wa pili bado. Nikamtazama Khalaf, Khalaf akaanza kunijia. Mzee Obaid akamzuia kwa fimbo. Akasema huyu asisogezewe tena finjani mpaka wote wamalize, ana watoto.

Mahrous akanywa. Wa Bidiya akanywa, aliyepigwa matano. Wa Samad. Kaka wa mgonjwa akanywa kwa niaba ya goti la Bombay. Halafu mimi. Ilikuwa imepoa.


Ijumaa, 24 Februari

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Wanawake walikuwa wamekaa chumba cha pili kwa Mzee Obaid, ukuta mmoja na sabla.

Rahila hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniuliza kitu kimoja tu: nimemweka yeye rehani kwa finjani ya kahawa? Nikaanza kumweleza mpango, upole, nguvu, pumzi. Akainuka akaenda zake. Jana sikulala chumbani. Leo chakula kimewekwa mezani kwa kishindo.

Bi Kazija kaniambia mwanangu, mimi nina umri huu, nimeona wanaume wanaapa kwa vitu vya thamani na kwa vitu vya upuuzi, wewe ndiye wa kwanza kuchanganya. Niliogopa kweli jana. Mtu anaweza kupoteza nyumba yake kwa kupenda kubembelezwa.

Jioni Rahila akaja kukaa ubarazani, mbali kidogo. Nikamwomba radhi. Nikasema sitarudia, wala sikutia kiapo. Mwisho akasema nikishikwa tena na hamu ya kuapa, niape kwa gari. Kisha akacheka, akajizuia, akacheka tena. Nimeiona dunia imerudi mahali pake.


Jumatatu, 27 Februari

Marhoun ametoa kafara ya kiapo chake. Amelisha masikini kumi, wali na nyama, na mwenyewe ndiye aliyepakua. Sur nzima inazungumza. Ibra nzima inazungumza. Mzee Obaid amesema mtu yule hata kiapo anakivunja kwa heshima.

Na nani aliyempa nafasi ya kukivunja? Hakuna anayeuliza.


Alhamisi, 1 Machi

Leo nimekabidhi filimbi.

Bwana Abdullatif alikuja mwenyewe, uso umemshuka, kaleta na mfuko wa mchele. Nikamwambia asisikitike. Msudani nilitaka kumchukia. Haiwezekani. Mtu mpole, alinikaribisha chini ya kivuli, akaniuliza kila mchezaji anapenda kusimama wapi na nani ana mguu mbaya. Nikamweleza wote. Nilishangaa jinsi ninavyowajua. Khalaf na wenzake wakapita wanakwenda mazoezini, wakanisalimia: vipi, Kocha. Hawajazoea. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa makubadhi.

Halafu Bwana Abdullatif akasema vijana wamegoma kuniachia niondoke. Kamati imekaa. Inaniomba niwe mtunza vifaa: mipira, jezi, nyavu, ndoo ya maji. Nitakaa benchi lile lile. Nikakubali hapo hapo, bila kukataa hata mara moja! Rahila nilipomwambia alinitazama kwa mapenzi, akasema kumbe mtu anaweza kujifunza. Bi Kazija alinipa kipande cha mkate wa mofa kabla ya kukiomba. Nimefurahi leo. Kweli nimefurahi.

Nimepiga mipira yote upepo. Nimefua jezi, nimeanika. Na nilipokuwa naanika nikawa nafikiri. Kila timu ina mtunza vifaa wake. Mkoa mzima tuko sita. Miaka yote hii sabla inabishana makocha, makocha, na hakuna mtu hata mmoja aliyepata kuuliza nani mtunza vifaa bora wa Sharqiyah!

Wa Sur nyavu zake zimetoboka, niliziona kwa macho yangu. Wa Mudhaibi anapoteza mpira kila wiki. Wa Kamil sijui, lakini yuko Oman, hana udhuru. Nimeshazungumza na Khalaf aliingize suala hili sabla Alhamisi ijayo, kama limemjia mwenyewe.

Nimewapanga usiku huu kwa haki, bila upendeleo. Mimi nimejiweka wa pili, watu wasiseme. Namba moja nimeiacha wazi. Watanilazimisha, nawajua. Mara ya kwanza nitakataa kwa upole.